Sura za Msafara: Henry Morton Stanley na Picha za Watu wa Njia ya Tabora

Utangulizi

Igalula ni kituo kimojawapo cha Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Uyui. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake, ukanda huu wa miombo ulipitiwa kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikakata pori la Mgunda Mkali, kisha ikaingia Unyamwezi kwa kupitia Tura, Rubuga na Kigwa, hadi ilipotua mizigo Unyanyembe. Huko wafanyabiashara wa pwani walikuwa na matembe yao Tabora, Kwihara na Ituru. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Askari, wakalimani na viongozi wengi walikuwa watu wa pwani na visiwani waliojiita waungwana. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Historia ya njia hii imeandikwa kwa wingi katika mizani ya bidhaa: pembe za ndovu, watumwa, nguo, shanga na bunduki. Imeandikwa pia katika ramani za wasafiri wa Ulaya. Lililozungumzwa kwa uchache ni kwamba njia hii ilizalisha picha za watu. Nyuso za wapagazi, watoto, wafalme na wafanyabiashara zilichukuliwa, zikapelekwa London na kuuzwa. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni mtu ambaye hakumbukwi kama mpigapicha, ingawa picha zake zimeonwa na watu wengi kuliko ramani zake. Mtu huyo ni Henry Morton Stanley.

Mhadhara huu unaeleza maisha na kazi ya Stanley kwa upande huo mmoja, na utata unaoizunguka kazi hiyo hadi leo. Hoja yake ni kwamba Stanley aliwaachia wasomaji kumbukumbu mbili zisizokutana: picha za watu zisizo na majina, na orodha za majina yasiyo na sura. Aidha, unadai kwamba jibu la zamani kabisa na la makini kwa picha hizo limo katika maandishi ya Kiswahili.

Kamera yaingia njiani

Stanley hakuwa wa kwanza kuleta kamera katika safari za bara. Mwaka 1860, James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke, alipiga picha kadhaa mjini Zanzibar. Lakini kazi hiyo haikufika mbali. Upigaji picha wa siku hizo ulitumia bamba la kioo lililopakwa dawa. Bamba hilo lilitakiwa kutiwa ndani ya kamera na kusafishwa kabla dawa haijakauka, na kazi yote ifanyike ndani ya hema dogo lililozibwa mwanga. Katika joto la safari, hema hilo lilikuwa kama tanuri. Speke alieleza kwamba kazi hiyo ingemuua mwenzake, na kamera ikarudishwa pwani. Walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Januari 1861, Grant alikuwa akitumia penseli na rangi.

Habari hii ina maana kwa mwanahistoria. Kwa miaka kadhaa iliyofuata, sura ya mtu wa Unyamwezi iliwafikia wasomaji wa Ulaya kwa njia ya mchoro, na mchoro ulijulikana kuwa kazi ya mkono. Kamera ilipokuja kuwezekana njiani, ilikuja na dai jipya: kwamba sasa mtu anaonekana kama alivyo. Stanley aliifahamu nguvu ya dai hilo hata kabla hajaimiliki kamera.

Mtu aliyejitengenezea sura

Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akapewa jina la John Rowlands. Alilelewa kwa sehemu kubwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akavuka bahari kwenda New Orleans mwaka 1859, na huko akajipa jina jipya na, baadaye, asili mpya ya Kimarekani. Mambo haya si umbeya wa pembeni. Mtu aliyeificha asili yake kwa miaka mingi alikuwa na mazoea ya kuitawala sura yake mwenyewe mbele ya watu, na mazoea hayo aliyahamishia kwa wengine.

Akiwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, alitoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta David Livingstone. Alifika Unyanyembe tarehe 23 Juni mwaka huo na kukaa katika tembe la Kwihara. Alijiingiza katika vita vya Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo, vita vilivyowaendea vibaya washirika wake, na mwezi Novemba akakutana na Livingstone Ujiji.

Hakuna picha ya kamera ya mkutano huo. Hata hivyo, mwezi Agosti 1872, gazeti la Illustrated London News lilitoa mchoro mkubwa wa tukio hilo. Chini yake paliwekwa maelezo ya Stanley kwamba yeye ndiye aliyetoa taarifa zilizotumiwa na mchoraji, na kwamba mchoro ni sahihi sawasawa na kama tukio lingepigwa picha. Maneno hayo machache ni ufunguo wa kazi yake yote. Mchoro uliotengenezwa London, kwa maelezo ya mtu aliyekuwa na faida katika maelezo hayo, uliombewa heshima ya kamera. Mwaka 2007 mwandishi wa wasifu wake, Tim Jeal, alionyesha kwamba kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano huo zilichanwa, hata maneno mashuhuri ya salamu yake kwa Livingstone yakawa na shaka.

Mtoto wa Kwihara

Wakati Stanley yuko Kwihara mwaka 1871, mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu alimpa mtoto wa kiume, mtumwa aliyetoka upande wa nchi ya Kazembe. Kwa maandishi ya Stanley, mtoto aliitwa Ndugu M'hali, jina alilolifasiri kuwa mali ya ndugu yangu. Stanley hakulipenda. Akawaita viongozi wa msafara wake watafute jina jingine, na baada ya mapendekezo kadhaa na kicheko kingi, mmoja wao, anayeandikwa Ulimengo, alitazama wepesi wa macho na mwendo wa mtoto akapendekeza Kalulu. Jina likapitishwa kwa sherehe ya kumwagia maji, kwa mfano wa ubatizo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, tukio hili lina mengi. Jina la kwanza linatamka hali ya mtoto bila kificho: ni mali. Jina la pili Stanley alilieleza kuwa neno la Kiswahili la mtoto wa paa mdogo. Lakini katika Kibemba na Kinyanja, lugha za upande ule alikotoka mtoto, kalulu ni sungura, yule mjanja wa hadithi anayewashinda wakubwa kwa akili. Haiyumkiniki kwamba watu wote waliokuwapo barazani siku hiyo walisikia neno hilo kwa maana moja. Msafara ulikuwa na lugha nyingi. Aliyeandika alikuwa mmoja.

Mwaka 1872 Stanley alimchukua Kalulu hadi Uingereza. Huko, katika studio ya London Stereoscopic Company, walipigwa picha pamoja zilizochapishwa kwa umbo la kadi na kuuzwa. Stanley amevaa mavazi ya safari, na Kalulu yu pamoja naye, na nyuma yao pana mandhari iliyochorwa. Ni picha iliyopigwa na fundi wa studio, lakini mtungaji wake ni Stanley. Yeye ndiye aliyeleta mavazi, silaha na mtoto. Unyamwezi ulijengwa upya ndani ya chumba cha London kwa kitambaa, rangi na mtu mmoja wa kweli.

Kazi ya Kalulu katika picha hiyo ni kuthibitisha. Uso wake unasema kwamba yule mwingine kweli alifika Afrika. Mwaka uliofuata Stanley alichapa riwaya iliyomtaja kwa jina, My Kalulu: Prince, King and Slave, inayomfanya kuwa mwana wa mfalme. Kalulu mwenyewe alikuwa bado mtoto, akisoma shule huko Uingereza, huku maisha yake ya kubuni yakiuzwa dukani. Mwezi Aprili 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone katika Westminster Abbey. Na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi Afrika, akiwa mmoja wa watu wa msafara wa pili.

Sura ya mfalme na herufi za mfalme

Msafara huo wa pili uliondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 ukiwa na watu 356. Safari hii Stanley alikuwa na kamera yake. Kitabu chake cha mwaka 1878, Through the Dark Continent, kina michoro mingi ambayo orodha yake inaitaja kuwa imetokana na picha alizopiga mwenyewe: mandhari ya Zanzibar, na watu aliokutana nao njiani. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya Mutesa, Kabaka wa Buganda, akiwa na waziri wake mkuu na wakuu wengine, mwaka 1875.

Inafaa kukumbuka namna picha hizo zilivyowafikia wasomaji. Katika miaka ya 1870 picha ya kamera haikuweza kuchapwa pamoja na maandishi katika ukurasa mmoja wa kitabu. Fundi wa Ulaya alilazimika kuinakili kwa kuchonga ubao, na ubao ndio uliopakwa wino. Kwa hiyo uso wa Mutesa ulipitia mikono miwili kabla ya kumfikia msomaji: kamera ya Stanley na patasi ya mchongaji ambaye hakuwahi kumwona Mutesa wala Buganda. Panapoandikwa kuwa mchoro umetoka katika picha, msomaji hana budi kujiuliza kilichobaki na kilichoongezwa.

Hata hivyo, picha ya Mutesa inatofautiana na ya Kalulu kwa jambo moja la msingi. Mutesa alikuwa na uwezo wa kukataa. Yeye na wakuu wake wanasimama katika mavazi marefu ya mtindo wa pwani, mavazi ambayo hayakuletwa na mpigapicha bali yalikuwa yameshaingia katika ikulu kwa biashara na kwa Uislamu. Aliyemtazama Stanley kupitia kioo cha kamera alikuwa mtawala anayejua Kiswahili, na ambaye mwenyewe alikuwa na hesabu zake za kisiasa katika kumpokea mgeni.

Ziara hiyohiyo ilizaa kumbukumbu nyingine. Katika msafara alikuwamo kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na Misheni ya Vyuo Vikuu huko Zanzibar. Stanley alimtumia kumfasiria Mutesa muhtasari wa Biblia kwa Kiswahili, na alipoondoka alimwacha Dallington katika ikulu, awe msomaji na mwandishi wa Kabaka. Barua zilizotoka huko kwa mkono wake ni miongoni mwa maandishi ya awali kabisa yaliyotumwa kutoka Buganda. Picha ya Mutesa imechapwa na kuchapwa tena katika vitabu vya historia; Dallington, aliyempa Kabaka herufi, ametajwa kwa nadra.

Mtoto anatoka katika picha

Stanley hakupita Tabora katika safari hii ya pili. Kutoka Buganda alishuka kusini, na mwezi Aprili 1876 alikutana na Mirambo, adui yake wa mwaka 1871. Waliamkiana kwa heshima na kuchanjiana damu, na aliyeisimamia sherehe hiyo alikuwa Manwa Sera, nahodha mkuu wa msafara. Stanley aliandika taswira ya Mirambo kwa maneno ya kustaajabia upole na ukimya wake, mambo asiyoyatarajia kwa mtu aliyemwita jambazi miaka mitano nyuma. Kukiri huko ni sehemu ya kuaminika katika kazi yake: alikuwa na jicho, na mara nyingine jicho lake lilimshinda kalamu.

Baada ya msafara kuondoka Ujiji mwaka huohuo, watu wengi walitoroka. Miongoni mwao alikuwamo Kalulu. Stanley aliandika habari hiyo kwa uchungu wa mfadhili aliyesalitiwa, akihesabu miezi ya shule na gharama alizotumia. Frank Pocock, Mwingereza wa msafara, alirudishwa nyuma kuwatafuta watoro, na Kalulu akapatikana na kurejeshwa. Mwezi Machi 1877 mtumbwi aliokuwamo ulichukuliwa na maporomoko ya Mto Kongo, akafa pamoja na wenzake. Stanley aliyaita maporomoko hayo kwa jina la Kalulu.

Watetezi wa Stanley huona hapa ushahidi wa mapenzi: aliita mahali kwa jina la mtoto aliyempenda. Huenda huzuni yake ilikuwa ya kweli. Lakini jina aliloliandika katika ramani ni lile lililotolewa Kwihara, si lile alilokuja nalo mtoto. Na kati ya picha ya 1872 na maporomoko ya 1877 kuna tendo moja ambalo Kalulu alilifanya kwa hiari yake, nalo ni kutoroka. Picha ya studio haiwezi kusomwa tena kwa namna ileile baada ya kulijua tendo hilo.

Majina na nyuso

Msafara ulifika Boma mwezi Agosti 1877. Waliobaki walikuwa chini ya theluthi moja ya idadi iliyoondoka Bagamoyo; wengine walikufa kwa vita, njaa, maradhi na maji, na wengine walikimbia. Huko Kabinda, na baadaye Simon's Town karibu na Cape Town, walionusurika walipigwa picha wakiwa kundi. Michoro iliyotokana na picha hizo imo katika kitabu cha 1878, wanaume kwa wanawake, wameketi na kusimama kwa safu.

Ni picha zinazogusa moyo, kwa sababu mtazamaji anajua walikotoka. Lakini wengi wao hawatajwi mmoja mmoja. Katika kitabu hichohicho Stanley alichapa orodha za watu wake, na pia orodha ya waliokufa. Ni kumbukumbu ya thamani kubwa. Wasafiri wachache wa wakati wake waliwataja wapagazi kwa wingi kiasi hicho. Mtafiti wa majina ya Kiswahili na ya Kinyamwezi wa karne ya 19 hupata humo hazina. Tatizo ni kwamba orodha na picha haziunganishwi. Ni wachache tu, kama Uledi, nahodha wa mashua, na Manwa Sera, waliochorwa kwa sura na kutajwa kwa jina mahali pamoja. Wengine wana jina kurasa za mwisho na uso kurasa za katikati, na hakuna uzi unaovifunga viwili hivyo.

Neno la Kiswahili lenyewe linasaidia kulieleza jambo hili. Sura ni uso au umbo. Sura pia ni fungu la kitabu. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini kutoka mizizi miwili tofauti inayoandikwa kwa herufi tofauti, sad na sin. Kiswahili kimeyafanya yafanane kwa sauti. Stanley alizichukua sura za watu akazitia katika sura za kitabu chake, na mamlaka ya kuzipanga yakabaki kwake. Anayepigwa picha hakuwa na fungu lake.

Tippu Tip anajibu

Aliyekuwa na fungu lake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Huyu alikuwa mtu wa njia ya Tabora kwa kila hali: baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi Ituru na kuoa katika nyumba ya Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mwezi Oktoba 1876 alikutana na Stanley huko Manyema, akakubali kwa malipo kumsindikiza kuelekea kaskazini. Waliachana mwishoni mwa Desemba.

Stanley alimchora kwa maneno: mtu mrefu, mwenye ndevu nyeusi, mavazi meupe yasiyo na doa, jambia la kazi ya fedha, na macho yenye kupepesapepesa. Kupepesa huko ndiko baadhi ya waandishi walikofanya asili ya jina Tippu Tip. Mwenye jina alieleza vingine: jina lilitokana na mlio wa bunduki zake katika masikio ya watu waliozikimbia. Maelezo mawili ya neno moja yanaonyesha tofauti kati ya mtu anayetazamwa na mtu anayejieleza. Anayetazama huanza na jicho; anayejieleza huanza na tendo, hata likiwa tendo la kutisha.

Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapa pamoja na tafsiri mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa tena kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 1958 na 1959. Humo Stanley naye anachorwa. Anaonekana akijisifia bunduki inayotoa risasi 15, akikataa kuifyatua kwa kuogopa gharama, hadi Tippu Tip alipomsimulia kwa uso mkavu habari za upinde wa nchi fulani unaorusha mishale 20 kwa mpigo mmoja, kila mshale ukiua mtu. Hapo mgeni alitoka nje akafyatua. Ni taswira fupi isiyo na tusi hata moja, na msomaji wa Kiswahili huelewa mara moja nani aliyekuwa akichezewa.

Masimulizi hayohayo yana lalamiko linalohusu mada hii moja kwa moja. Tippu Tip anasema Stanley alimwahidi zawadi za thamani kubwa atakaporudi Ulaya. Kilichokuja baadaye ni picha ya Stanley. Kwa Stanley, picha hiyo ilikuwa heshima: sura ya mtu mashuhuri, kumbukumbu ya urafiki. Kwa mfanyabiashara aliyezoea kuhesabu frasila za pembe, ilikuwa deni lisilolipwa. Wanahistoria wameupima mgogoro wa malipo hayo kwa namna mbalimbali, na Tippu Tip hakuwa shahidi asiye na maslahi. Mali yake mwenyewe ilijengwa kwa pembe na kwa watu waliotekwa. Lakini katika kuieleza picha kama kitu chenye bei, na bei hiyo kuwa ndogo, alisema jambo ambalo wanunuzi wa kadi za London hawakuambiwa. Nyuma ya kila sura iliyochukuliwa njiani palikuwa na mapatano, na mapatano hayo hayakuwa sawa kwa pande zote.

Utata wa kazi yake

Mabishano juu ya Stanley yalianza akiwa hai. Barua zake za mwaka 1875 kuhusu shambulio lake katika kisiwa cha Bumbireh, Ziwa Victoria, zilipochapwa mwaka 1876 zilileta lawama kali Uingereza kwenyewe. Kazi yake ya baadaye kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ilizidisha lawama. Alifariki London mwaka 1904. Nyaraka zake nyingi, pamoja na picha, zilinunuliwa na Wakfu wa Mfalme Baudouin kuanzia mwaka 1982 na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Sanamu yake ya Kinshasa iliangushwa katika miaka ya 1970. Sanamu nyingine ilisimamishwa Denbigh mwaka 2011, na mwaka 2021 wakazi wa mji huo walipiga kura ibaki.

Mjadala huo umehusu zaidi bunduki kuliko kamera. Wanaomtetea husema, na wana haki kusema, kwamba bila yeye nyuso za Uledi na Manwa Sera zisingejulikana, na kwamba alitaja majina ambayo wengine waliyaficha katika neno wapagazi. Wanaomlaumu husema kwamba alizitumia sura za watu kama alivyozitumia nguo na shanga, yaani kama bidhaa ya kununulia sifa. Kauli zote mbili zina ushahidi. Makosa ni kudhani kwamba moja huifuta nyingine. Picha inaweza kuwa kumbukumbu pekee ya mtu na wakati huohuo kuwa ushahidi wa namna alivyonyimwa kauli.

Mwaka 2009 Chama cha Kifalme cha Jiografia mjini London kilifanya maonyesho juu ya watu waliofichika katika historia ya uvumbuzi, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na Speke, Stanley na Verney Lovett Cameron. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini kazi ya kuunganisha nyuso na majina haiwezi kumalizwa na watu wasiosoma majina hayo. Orodha za Stanley zimeandikwa kwa masikio ya Mwingereza. Ulimengo huenda ni Ulimwengu. Wengine wana majina ya siku, ya mahali, ya utani, ya Kinyamwezi, Kiyao na Kimanyema yaliyopinda kwa tahajia. Anayeweza kuyanyoosha ni mtaalamu wa lugha hizi.

Hitimisho

Stanley alikuwa mpigapicha wa nyuso kwa maana pana: alipiga, alipigisha, alielekeza michoro, na zaidi ya yote alimiliki maelezo yaliyowekwa chini yake. Utata wa kazi yake haumo katika kamera bali katika umiliki huo. Vitabu vya shule vinavyochapa picha hizi bila kusema zilipigwa wapi, na nani, kwa masharti gani, na zilichongwa upya na nani, huuendeleza umiliki huo bila kukusudia.

Kwa vyuo vinavyofundisha Kiswahili kazi iko wazi. Picha za Tervuren na orodha za 1878 zisomwe pamoja. Maandishi ya Tippu Tip yasomwe kama matini ya taswira, si chanzo cha tarehe tu. Na barua za Dallington ziingizwe katika historia ya fasihi andishi ya bara. Watafiti waende pia katika vijiji vya njia ya zamani, kuanzia Tura na Kigwa hadi Igalula na Kwihara, kutafuta majina ya safari katika koo za wazee.

Wapo ambao hakuna orodha itakayowarudishia sauti. Mutesa ana barua, Tippu Tip ana kitabu. Kalulu ana picha iliyouzwa, riwaya iliyobuniwa, na maporomoko yaliyoitwa kwa jina alilopewa. Kilicho chake ni zile siku chache za mwaka 1876, kabla hajakamatwa, ambazo hakuna aliyezipiga picha.